Kiingereza cha usaili wa kuandika: jifue sarufi na msamiati kwa wiki sita

Majina ya walioitwa kwenye usaili yakishatoka, maswali yanayotufikia ni yaleyale. Nisome kitabu gani cha sarufi? Nianze na nyakati au na msamiati? Wiki mbili zitatosha? Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja. Umeandikwa kwa msailiwa wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma anayejiandaa na mchujo wa kuandika, kwa anayesubiri aptitudi (jaribio la kupima uwezo) ya benki au shirika, na kwa mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia Kiingereza cha kidato cha nne. Karatasi zao hazifanani, ila sehemu ya lugha huzungukia kazi nne: kujaza neno linalofaa, kutambua kosa, kuandika sentensi upya bila kubadili maana, na kujibu maswali ya kifungu.

Msimamo wetu tuuseme mapema: usianze na ukurasa wa kwanza wa kitabu cha sarufi. Anayefikiri kwa Kiswahili hakosei Kiingereza ovyoovyo. Hukosea palepale ambapo Kiswahili kina utaratibu wake na Kiingereza kina wake, na sehemu hizo si nyingi. Ukizijua na kuzifanyia mazoezi, alama hupanda hata kama hukumbuki jina la kanuni hata moja.

Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja. Igawe sehemu tatu kwa kukunja ncha za kurasa: makosa, msamiati, majaribio.
- Karatasi 30 za manila za ukubwa wa A4. Kila moja ikate vipande 8, upate kadi 240. Huna haja ya kuzikata zote siku moja.
- Mitihani iliyopita ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ya English Language, kidato cha nne, somo namba 022. Miaka mitano inatosha. Pakua, kisha uchapishe kwenye steshenari yoyote ya mjini au jirani na vyuo. Kusoma mtihani kwenye simu hakukuzoeshi kuandika.
- Taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, za somo hilohilo. Watu wengi hawazijui. Zinaonyesha majibu mabovu yaliyoandikwa kweli na kueleza kwa nini yalikosa alama.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge zipo mtandaoni bila malipo, na bando dogo linatosha kuzitumia. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iwe ya msaada tu.
- Kalamu ya bluu, kalamu nyekundu, na saa.
- Dakika 60 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kama chumba unachopanga kina kelele za majirani, Maktaba ya Mkoa hapa Dodoma mjini ni mahali tulivu.

Onyo kabla hujaanza: achana na faili za "maswali ya usaili" zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Nyingi zina majibu ya kubahatisha, na mtu akishalishika jibu potofu kwa bidii, kuling'oa ni kazi kuliko kujifunza upya.

Hatua ya 1: Jipime, kisha uyape makosa majina

Chukua mtihani mmoja. Fanya sehemu za sarufi na msamiati kwa dakika 40, bila kamusi, bila simu mezani. Sahihisha kwa kalamu nyekundu.

Alama ulizopata hazina maana sana siku hii. Cha kutazama ni aina za makosa. Pembeni mwa kila kosa andika herufi moja: W kwa wakati wa kitenzi, U kwa umoja na wingi, V kwa vijineno "a", "an" na "the", H kwa vihusishi kama "in", "on", "at", "of", "to", T kwa muundo wa sentensi, M kwa msamiati, na S kwa swali ambalo hukulielewa kabisa. Hesabu herufi. Tatu zilizojitokeza zaidi ndizo kazi yako ya wiki mbili za mwanzo.

Kosa la kawaida hapa ni kufanya mtihani huku majibu yamefunguliwa pembeni "ya kuhakiki tu". Ukifanya hivyo umesoma mtihani, hujajipima.

Hatua ya 2: Fungua daftari la makosa

Kila kosa lipewe mistari minne: sentensi uliyokosea, sentensi sahihi, sababu kwa Kiswahili kifupi, na sentensi mpya ya kwako. Mfano:

Kosa: "We discussed about the budget."
Sahihi: "We discussed the budget."
Sababu: "discuss" tayari ni kujadili jambo, "about" imezidi.
Mpya: "The villagers in Mpwapwa discussed the new well."

Mstari wa nne ndio unaofanya kazi, na ndio watu wanaouruka. Utunge kwa mambo unayoyaona: mabasi, zabibu, soko la Majengo, kodi ya chumba. Sentensi uliyoinakili kitabuni haikai kichwani.

Usiingize zaidi ya makosa kumi kwa siku. Ukizidisha, daftari linageuka ghala ambalo hakuna anayeingia.

Hatua ya 3: Piga mazoezi pale Kiswahili kinapokuvuta

Hii ndiyo hatua ndefu. Ipe wiki ya kwanza hadi ya tatu. Chukua sehemu moja kwa siku: dakika 10 kusoma maelezo, 35 kuandika sentensi zako ishirini, 15 kurudia makosa ya jana.

*Masharti ya -nge-.* Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili: "Ningekuwa na nauli, ningekwenda Kondoa." Ndiyo maana mkono huandika "If I would have the fare, I would go to Kondoa." Upande wenye "if" haupokei "would" katika sentensi za aina hii. Jozi ni tatu. "If I have the fare, I will go": jambo linawezekana. "If I had the fare, I would go": sina nauli sasa. "If I had had the fare, I would have gone": sikuwa nayo, safari imeshapita. Kiswahili cha mazungumzo mara nyingi hutumia -nge- kwa hali mbili za mwisho, hivyo jiulize kwanza: jambo hili bado lipo au limepita? Watunga mitihani wanapenda pia umbo lisilo na "if": "Had you told him, he would have come."

*Virejeshi.* "Kitabu nilichokisoma kimechanika." Kile kiambishi -ki- cha mtendwa kinakufanya uandike "The book which I read it is torn." Ondoa "it". Vilevile "The officer whom I met him" inabaki "The officer whom I met". Na "mama ambaye mtoto wake anaumwa" si "the woman who her child is sick". Ni "the woman whose child is sick". Andika sentensi kumi za "whose" peke yake. Ni neno ambalo wengi hulikwepa hadi mtihani uwalazimishe.

*Tangu na jana.* "Nipo Dodoma tangu 2019" ni Kiswahili kizuri, lakini "I am in Dodoma since 2019" si Kiingereza. Andika "I have been in Dodoma since 2019". Mwaka, siku au saa ambapo jambo lilianza huchukua "since". Urefu wa muda huchukua "for": "for six years". Upande mwingine, "Amefika jana" hukuponza kuandika "He has arrived yesterday". Ukiona "yesterday", "last week", "in 2015" au "ago", futa "has" na "have": "He arrived yesterday."

*Ingawa na lakini.* Kwetu "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulilima" inapita bila kelele. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu: "Although it rained, we ploughed the field" au "It rained, but we ploughed the field."

*Vitu visivyohesabika.* Taarifa mbili, mashauri matatu, vifaa vingi: Kiswahili huhesabu vyote. Kiingereza hakikubali "informations", "advices", "equipments", "furnitures", "luggages", "evidences". Ukitaka idadi, sema "two pieces of information", "three pieces of advice". "News" ina s lakini ni umoja: "The news is good." Na "staff" ni wafanyakazi wote kwa pamoja, ukimtaja mmoja andika "a member of staff". Orodha hii ikariri kama ilivyo.

*Kiima kilicho mbali na kitenzi.* Soma: "The quality of the grapes from Hombolo and Mpunguzi have improved." Sikio linasikia mahali pawili na zabibu nyingi, linachagua "have". Kiima ni "quality", kimoja, kwa hiyo "has". Dawa ni kufunika kwa kidole kila kitu kuanzia "of" hadi kabla ya kitenzi, kisha usome kilichobaki. Zingatia na haya manne: "Each of the applicants has a number." "One of the candidates is late." "The number of applicants has risen." "A number of applicants have complained." Kwenye "neither… nor" na "either… or", kitenzi humfuata aliye karibu nacho: "Neither the chairman nor the members were present."

*A, an, the.* Kiswahili hakina vijineno hivi, kwa hiyo usitegemee sikio. "An" hutangulia neno linaloanza kwa sauti ya irabu, wala haiangalii herufi: "an hour", "an honest clerk", "an MP", "an NGO", lakini "a university", "a one-day seminar". Kitu kikitajwa mara ya kwanza kipe "a". Kikirudi kipe "the". Majina ya miji na nchi nyingi hayataki kitu: "Dodoma", "Tanzania". Bahari, mito na nchi zenye muungano katika jina hutaka "the": "the Indian Ocean", "the Ruaha", "the United Kingdom". Kazi ya mtu hudai "a": "She is a nurse", kamwe si "She is nurse".

*Vihusishi.* Hapa hakuna ujanja zaidi ya kukariri kitenzi pamoja na mwenzake. Vitenzi visivyotaka kihusishi: "discuss", "emphasise", "request", "comprise", "enter", "lack", "resemble". Vinavyotaka: "depend on", "consist of", "insist on", "comply with", "accuse of", "prevent from", "congratulate on". Na maneno mengine: "married to", "good at", "capable of", "senior to". "Prefer" huenda na "to": "I prefer tea to coffee", si "than coffee". "Look forward to" hufuatwa na -ing: "I look forward to hearing from you." Sentensi hiyo imo kwenye barua nyingi za maombi ya kazi, na nyingi zina "to hear".

Mengine yanatosha dakika chache. "Yeye" ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, hivyo rudi uhakiki "he", "she", "his", "her" kila unapomaliza insha. "Kuazima" kunatazama pande zote mbili, Kiingereza kina "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa. "Mpaka Ijumaa nitakuwa nimemaliza" ni "By Friday I will have finished". "Until" ni ya jambo linaloendelea bila kukatika hadi muda huo. Ukiulizwa "Haven't you eaten?" na kweli hujala, jibu ni "No, I haven't", wakati kwetu ungesema "Ndiyo, sijala". Redio huwashwa kwa "switch on". Ukiandika "open the radio" umeipeleka kwa fundi.

Hatua ya 4: Kuandika sentensi upya

Wiki ya tatu na ya nne. Maswali haya yana mtego mmoja kwa kila umbo. Jifunze umbo na mtego wake pamoja.

- "As soon as the bus arrived, the passengers rushed in" hugeuka "No sooner had the bus arrived than the passengers rushed in", au "Hardly had the bus arrived when the passengers rushed in". Mtego: "no sooner" huenda na "than", "hardly" huenda na "when", na "had" hutangulia mtenda.
- "The sack is so heavy that she cannot lift it" hugeuka "The sack is too heavy for her to lift". Mtego: "it" ya mwisho huondoka, na "not" haionekani tena.
- "If you do not hurry, you will miss the train" hugeuka "Unless you hurry, you will miss the train". Mtego: kuandika "Unless you do not hurry". "Unless" imeshabeba ukanushi.
- "Although he was tired, he kept working" hugeuka "Despite being tired, he kept working". Mtego: "despite of". Yenye "of" ni "in spite of", na huandikwa maneno matatu.
- Kauli ya kutendwa: "They are building a new road" hugeuka "A new road is being built". Mtego: kusahau "being".
- Kauli taarifa: "'Where do you live?' he asked me" hugeuka "He asked me where I lived". Mtego: kubakiza mpangilio wa swali, "where did I live". Kumbuka pia "tomorrow" kuwa "the next day".
- Swali fupi la mwishoni: "Let's begin, shall we?", "I am late, aren't I?", "He hardly comes, does he?" Mtego: "hardly", "seldom", "never" na "nobody" ni kanusho, kwa hiyo mkia huwa yakinishi.

Chukua umbo moja, tunga sentensi sita, zigeuze, kisha siku ya pili zirudishe zilivyokuwa bila kutazama. Kurudisha ndiko kunakofichua kama umeelewa.

Hatua ya 5: Msamiati, maneno manane kwa siku

Manane, siku sita, wiki tano: maneno 240. Yanaonekana machache. Anayejaza hamsini kwa siku huwa hana hata kumi mwisho wa juma.

Mbele ya kadi andika sentensi yenye pengo na maana yake kwa Kiswahili. Nyuma andika neno, aina yake, ndugu zake, na kihusishi chake. Mfano wa mbele: "All suppliers must ____ with the rules", kutii. Nyuma: "comply", kitenzi; "compliance", nomino; "compliant", kivumishi; huenda na "with". Ndugu za neno ni muhimu kwa sababu maswali mengi hukupa neno moja na kukutaka ulibadilishe umbo.

Rudia kila kadi baada ya siku 1, 3, 7, 14 na 30. Tarehe ya kurudia iandike kwa penseli kwenye kona. Kadi uliyoikosea inarudi mwanzo wa foleni.

Maneno ya kuweka kwenye kadi yatoke wapi? Kwanza kwenye makosa yako ya herufi M. Pili, kwenye jozi zinazochanganya, ambazo karatasi nyingi hazikosi: "affect" ni kitenzi, "effect" mara nyingi ni nomino, "principal" ni mkuu, "principle" ni kanuni, "stationary" ni kisichosogea, "stationery" ni karatasi na kalamu (vibao vya maduka huyachanganya haya mawili kila kukicha, kwa hiyo usijifunze tahajia ukutani), "advice" ni nomino, "advise" ni kitenzi, "personal" ni binafsi, "personnel" ni wafanyakazi, "lose" ni kupoteza, "loose" ni kilicholegea, "accept" ni kukubali, "except" ni isipokuwa, "economic" inahusu uchumi, "economical" ni kisichotumia gharama nyingi.

Tatu, kwenye maandishi ya kiofisi. Soma habari moja ya gazeti la Daily News au The Citizen kwa siku, hasa tahariri. Kuna chanzo kingine bora zaidi kwa mwenye nia ya kazi serikalini: ripoti za mwaka za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hutolewa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Fungua aya moja ya Kiswahili, jaribu kuiandika kwa Kiingereza, kisha linganisha na toleo la Kiingereza. Utapata "procurement", "outstanding", "unsupported expenditure", "recommendation" katika sentensi zake halisi. Aya moja kwa siku inatosha, maana ni maandishi makavu.

Tahajia iwe ya Uingereza: "labour", "centre", "programme", "cheque". "Licence" ni nomino, "license" ni kitenzi. Simu nyingi hurekebisha kwa tahajia ya Marekani, kwa hiyo mazoezi yawe ya kalamu na karatasi.

Hatua ya 6: Kifungu cha ufahamu

Soma maswali kwanza, kifungu baadaye. Piga mstari chini ya tarehe, idadi na maneno yanayogeuza mwelekeo kama "however", "yet", "unless". Swali la maana ya neno lijibu kwa jinsi neno lilivyotumika pale, wala si maana ya kwanza iliyo kwenye kamusi. Ukiambiwa ujibu kwa maneno yako mwenyewe, kunakili mstari mzima kunakugharimu. Vifungu viwili kwa wiki vinatosha.

Hatua ya 7: Majaribio ya saa

Kuanzia wiki ya nne, kila Jumamosi fanya jaribio kamili. Maswali 40 ya kuchagua kwa dakika 40. Yagawe hivi: mzunguko wa kwanza jibu unayoyajua, usikae zaidi ya sekunde 40 kwenye swali moja, mzunguko wa pili rudi kwenye uliyoyaruka, dakika tano za mwisho hakiki namba za majibu. Kuruka swali la 12 na kuweka jibu la 13 mahali pake ni msiba unaoweza kuharibu karatasi nzima.

Soma maelekezo ya juu ya karatasi. Baadhi ya majaribio hukata alama kwa jibu lisilo sahihi, mengine hayakati. Kama hayakati, usiache swali tupu.

Wasailiwa wengi wanaofahamu kanuni huanguka hapa kwa sababu walifanya mazoezi ya mada moja moja. Ukijua kwamba ukurasa mzima ni wa "since" na "for", hufikirii tena. Changanya mada kuanzia wiki ya nne, usijue swali linalofuata linapima nini.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho

Hakuna maneno mapya. Pitia daftari la makosa mara mbili, kadi zinazokusumbua kila siku, na jaribio moja katikati ya wiki. Kama usaili wako uko Dodoma na unatoka mbali, ingia mjini siku moja kabla. Kama usaili uko Chuo Kikuu cha Dodoma, soma tangazo uone ni ndaki (college) ipi na ukumbi gani: eneo la chuo ni kubwa, ndaki ziko mbalimbali, na kumwambia dereva "nipeleke UDOM" hakutoshi. Kitambulisho na vyeti halisi viandae usiku kama tangazo linavyoagiza.

Ukikwama

*Alama hazipandi baada ya wiki tatu.* Hesabu upya herufi za makosa. Kama mchanganyiko ni uleule wa siku ya kwanza, unasoma daftari bila kuandika sentensi mpya. Kama herufi zimebadilika, unasonga mbele, ila mitihani unayotumia ni migumu zaidi.

*Neno nikiliona nalijua, nikitaka kuliandika halipo.* Unasoma kadi upande mmoja tu. Anza na pengo, andika neno kwenye karatasi, ndipo ugeuze.

*Machaguo mawili yote yanaonekana sahihi.* Tazama neno lililo kabla na baada ya pengo. Kihusishi, -ing au s ya mwisho huondoa moja. Bado yote yamebaki? Tafuta neno la muda: "by", "already", "at that time", "ago".

*Muda unaisha nikiwa katikati.* Unatafsiri kila swali kwa Kiswahili kabla ya kujibu. Kwa siku saba, fanya maswali kumi kwa dakika nane, kisha kumi kwa dakika saba. Usahihi utashuka kidogo mwanzoni, halafu urudi.

*Herufi S ndizo nyingi kuliko zote.* Tatizo ni maneno ya maelekezo. Tengeneza kadi za "rewrite", "complete", "underline", "replace", "opposite", "closest in meaning", "according to the passage". Zimalize ndani ya siku mbili kabla ya kitu kingine chochote.

*Sina hata wiki sita, nimebakiwa na siku nne.* Siku ya kwanza: jipime, kisha umoja na wingi. Ya pili: masharti, "since", "for" na vihusishi. Ya tatu: maumbo saba ya hatua ya 4 na jozi zinazochanganya. Ya nne: jaribio moja la dakika 40 asubuhi, kurekebisha makosa yake hadi mchana, jioni ulale mapema.